Uaminifu kwa Ndege ya Usiku

Shirika la kwanza la ndege ambalo watu wa Arusha walilihesabu kuwa lao lilikuwa na makao yake Nairobi. East African Airways ilianza mwaka 1946 ikiwa mali ya serikali nne za kikoloni: Kenya ilishika zaidi ya theluthi mbili ya hisa, Uganda ikafuata kwa mbali, Tanganyika ikapata asilimia 9, na Zanzibar kipande kisichofika hata asilimia 1. Uhuru haukubadili sana hali hiyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1967, ofisi zake kuu zililetwa Arusha, lakini ndege, marubani na karakana vikabaki Nairobi. Arusha yakaja mafaili.

Desemba 1971 Tanzania ilifungua Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, KIA, katika tambarare iliyo kati ya Arusha na Moshi. Njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 3,600, inayotosha ndege kubwa kutoka Ulaya kutua bila kupitia mahali pengine. Sababu haikuhitaji maelezo marefu. Mtalii aliyekuja kuona Serengeti alikuwa akishukia Nairobi, analala Nairobi, ananunua vinyago Nairobi, kisha anavuka Namanga na kilichobaki mfukoni. Historia ya maili na pointi za wasafiri katika upande huu wa Mlima Meru inaanzia kwenye uwanja huo, ingawa wakati unafunguliwa mpango wa maili tunaoujua leo ulikuwa haujazaliwa.

Haukuwa na sababu ya kuzaliwa. Nauli za kimataifa zilipangwa katika vikao vya IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, na kuidhinishwa na serikali, na safari zenyewe ziligawanywa kwa mikataba kati ya nchi na nchi. Abiria angelipa karibu kiasi kilekile popote alipokata tiketi. Mashirika yalishindana kwa chakula, kwa sare za wahudumu na kwa ukubwa wa ndege. East African Airways nayo ilijivunia Super VC10 zake tangu mwaka 1966. Kumpa mtu zawadi ili arudi kesho hakukumjia mtu akilini, kwa kuwa kesho hakuwa na pengine pa kwenda.

Mpango huo wa zamani ulivunjika katika pande mbili za dunia karibu wakati mmoja, kwa sababu zisizohusiana kabisa. Mwanzoni mwa mwaka 1977 East African Airways ilianguka kwa madeni na ugomvi wa wanachama, Jumuiya ikafuata, na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Kenya Airways ikaundwa Nairobi. Air Tanzania ikazaliwa mwezi Machi, ikiwa na twiga mkiani. Oktoba 1978, huko Washington, Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoiondoa serikali ya Marekani katika kazi ya kupanga nauli na njia za ndege za ndani. Ghafla kila shirika la Marekani lilikuwa na washindani walioweza kushusha bei asubuhi na kuishusha tena jioni.

American Airlines, iliyokuwa na makao yake upande wa Dallas, ilikuwa na silaha ambayo wengi walikuwa hawajaitambua: kompyuta zake za kukatia tiketi, Sabre. Ndani yake mlikuwa na namba za simu za abiria. Namba iliyojirudia mara kwa mara ilikuwa ya mtu anayesafiri kila wiki kwa kazi, na watu wa namna hiyo ndio walioliweka shirika mjini. Mei 1, 1981 wakatangaziwa mpango ulioitwa AAdvantage: ruka nasi, tutakuhesabia maili, zikifika kiasi fulani utapewa kiti. Siku chache baadaye United ikajibu kwa Mileage Plus, na ndani ya miaka michache hapakuwa na shirika kubwa la Marekani lisilokuwa na daftari la maili.

Hesabu yake ilikuwa ya kijanja. Kiti kinachopaa kikiwa kitupu hakiuzwi tena kamwe, kwa hiyo kukitoa bure kunaligharimu shirika sahani ya chakula na mafuta kidogo. Upande wa pili yuko abiria ambaye tiketi yake inalipwa na mwajiri. Huyo anachagua ndege kwa fedha za ofisi, lakini zawadi inaingia mfukoni mwake mwenyewe. Ukilielewa hilo, umeelewa karibu kila kitu kilichofuata, hata kilichotokea Arusha.

Mwaka huohuo wa 1981, Tanzania ilikuwa inahema. Vita na Idi Amin vilikuwa vimekula hazina, bei ya mafuta ilikuwa juu, na mpaka wa Namanga ulikuwa bado umefungwa. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mtu aliyekuwa na shilingi za kutosha kununua tiketi ya nje alipaswa bado kuomba kibali cha fedha za kigeni. Air Tanzania yenyewe ilihangaikia vipuri. KIA, uwanja uliojengwa kupokea Ulaya nzima, ulipitisha siku nyingi za ukimya. Wakati kule shirika linatafuta jinsi ya kugawa viti vilivyobaki, huku abiria alitafuta mhuri wa kumruhusu anunue kimoja.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1990, na safari hii Arusha ilikuwa mbele. Mwaka 1991 Michael Shirima, aliyewahi kufanya kazi East African Airways na baadaye akawa mtu wa biashara ya kahawa, alianzisha Precision Air hapohapo Arusha. Chombo cha mwanzo kilikuwa Piper Aztec, ndege ndogo ya viti vitano, iliyobeba watalii kwenda mbugani. Mwaka 1993 safari za ratiba zikaanza. Kisha, Februari 1995, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaamua kwamba mahakama ya kuwahukumu wahusika wa mauaji ya kimbari ya Rwanda ikae Arusha. Wakaja majaji, mawakili wa pande zote mbili, wakalimani, wapelelezi na waandishi wa habari. Mahakama hiyo iliwashtaki watu 93 na haikufungwa rasmi hadi mwisho wa mwaka 2015, miaka 20 ya watu kuondoka na kurudi.

Ongeza watu wa mashirika ya misaada, wauza tanzanite wa Mererani, wenye kampuni za utalii waliokwenda kutafuta wateja kwenye maonesho ya Ulaya, na sekretarieti ya Jumuiya iliyofufuka kwa mkataba wa Novemba 1999. Kwa mara ya kwanza mji huu ulikuwa na kundi la watu wa kupanda ndege mara nne, mara sita kwa mwaka. Wengi wao, kama wale wa Dallas, hawakulipa wenyewe.

Nao walipanda nini? Hapa ndipo Arusha inapoachana na kitabu cha Wamarekani. Aliyetaka kufika Ulaya bila kubadili ndege Nairobi, Addis Ababa au Dar es Salaam alikuwa na jina moja la kuanzia, nalo ni KLM. Ndege yao kutoka Amsterdam ilikuwa ikitua KIA jioni ya giza, inashusha watalii wenye viatu vya kupandia mlima, inapakia wengine, inaondoka. Madereva wa safari mpaka leo wanapanga wiki yao kwa saa ya ndege hiyo. Abiria wa Arusha aliyekuwa na kadi ya Flying Dutchman, mpango wa maili wa KLM, hakuwa ameichagua KLM baada ya kulinganisha. Alikuwa mwaminifu kwa sababu ya jiografia, na maili zilimjia kama mvua inavyomjia mtu ambaye shamba lake liko upande wa mlima unaonyeshewa.

Mtandao huo ulikuwa na mizizi mirefu kuliko ilivyoonekana. KLM ilinunua asilimia 26 ya Kenya Airways wakati shirika hilo lilipobinafsishwa mwaka 1995 na 1996, na abiria wa Kenya Airways nao wakaingizwa katika maili za Waholanzi. Mwaka 2003 Kenya Airways ikanunua asilimia 49 ya Precision Air kwa dola milioni 2. Kampuni iliyoanza na ndege moja ya viti vitano Arusha sasa ilikuwa na mwenye hisa Nairobi, ambaye naye alikuwa na mwenye hisa Amsterdam. Mwaka 2004 Air France na KLM zikaungana, na mwaka uliofuata Flying Dutchman ikafutwa. Waliokuwa na maili humo wakaamka wakijikuta wanachama wa Flying Blue, mpango mmoja wa mashirika mawili. Hakuna aliyeulizwa.

Msomaji wa Terrat, kata ya kusini mwa jiji ambako mashamba ya mahindi na malisho yanakatwa kuwa viwanja, anaweza kuuliza haya yanamhusu vipi. Yanamhusu, kwa sababu baadhi ya nyumba zinazoota huko ni za watu walewale: dereva wa kampuni ya safari aliyepelekwa Ujerumani na wageni wake, mhasibu wa shirika la misaada, mama aliyekwenda kumlea mjukuu Minnesota. Wengi wao wamepanda ndege za masafa marefu bila kujisajili popote. Kujisajili ni bure, hakuchukui hata robo saa, na safari ambayo haikuhesabiwa ni vigumu kuidai muda ukipita, kwa kuwa kila mpango una ukomo wa miezi kadhaa wa kudai safari ya nyuma. Madai yenyewe yanataka namba ya tiketi na pasi ya kupandia ndege, na jina la kwenye akaunti lifanane na la kwenye pasipoti. Sisi wa majina matatu tunaangukia hapo: tiketi ina mawili, pasipoti ina matatu, akaunti ina jina la ubatizo na la ukoo yakiwa yamegeuzwa.

Kuna somo jingine ambalo lilifika mapema, mwaka 2001, na wengi walilipuuza. Oktoba mwaka huo Swissair ilikwama kwa kukosa fedha, na Novemba Sabena ya Ubelgiji, iliyokuwa ikiunganisha Kigali na Entebbe na Brussels kwa miongo mingi, ikafilisika. Kabla ya hapo, mwaka 2000, Alliance Air, ubia wa Tanzania, Uganda na Shirika la Ndege la Afrika Kusini, ilikuwa imekwisha kufa. Maili ni ahadi tu. Hazina benki kuu nyuma yake, hazirithiwi kama shamba, na kwa kawaida masharti yanaandika waziwazi kwamba ni mali ya shirika hata zikiwa kwenye akaunti yako. Mimi nawashangaa watu wanaozilimbikiza kana kwamba ni akiba ya uzeeni. Maili za kutosha tiketi moja ni za kutumika mwaka huohuo.

Mwaka 2012 ulivunja uaminifu wa jiografia. Qatar Airways ilianza kutua KIA katikati ya mwaka, Turkish Airlines ikafuata kabla ya mwaka kwisha, na Ethiopian, jirani wa siku zote, ilikuwa imejiunga na Star Alliance Desemba 2011. Kenya Airways ilikuwa mwanachama kamili wa SkyTeam tangu mwaka 2010. Qatar ikaingia oneworld mwaka 2013. Miungano yote mitatu mikubwa ya dunia ikawa na mguu kwenye lami ya KIA. Novemba 29, 2012, fastjet nayo ikaanza safari za Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro na Mwanza, ikitangaza nauli zilizoanzia dola 20 kabla ya kodi. Ilimshindania abiria wa basi la Dar, aliyezoea kukaa barabarani kuanzia alfajiri hadi jioni, na wengi walipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwao. Bei ndiyo iliyokuwa zawadi yao, na nadhani ilikuwa bora kuliko maili yoyote. Fastjet Tanzania ilisimama mwishoni mwa mwaka 2018.

Ushindani huo ulishusha nauli, na wakati uleule ukaharibu maili za mtu wa kawaida. Aliyekuwa na safari zote kwenye kapu moja sasa alikwenda London kwa Qatar kwa sababu ilikuwa nafuu, Guangzhou kwa Ethiopian, Frankfurt kwa Turkish, na katika kila akaunti akabakiwa na maili zisizofika popote hadi muda wake ukaisha. Walionufaika ni waliotambua kwamba kinachohesabika si rangi ya ndege bali muungano. Safari ya Ethiopian inaweza kuandikwa kwenye akaunti ya Turkish, ya Kenya Airways kwenye Flying Blue, na kinyume chake, mradi daraja la tiketi linaruhusu. Herufi ndogo iliyochapishwa kwenye tiketi, ile ambayo wakala wa Arusha mjini haisemi mpaka aulizwe, ndiyo inayoamua kama safari ya saa nane angani itakupa maili zote, robo yake, au sifuri. Tiketi za makundi na za bei ya kutupa mara nyingi huangukia kwenye sifuri.

Watu wengi wa Afrika Mashariki hawakujifunza pointi kwenye ndege. Walijifunza kwenye simu. Safaricom ya Kenya ilianzisha Bonga Points mwaka 2007, na mitandao ya Tanzania nayo ikawa na zawadi zake za vocha. Mwishoni mwa mwaka 2022 Safaricom ilitangaza kwamba pointi zilizozidi miaka mitatu zitafutwa. Wateja wakapiga kelele, utekelezaji ukasitishwa. Sababu ya kutaka kufuta haikuwa uchoyo mtupu. Kwa kanuni za kimataifa za uhasibu, pointi ambayo mteja hajaitumia ni deni kwenye vitabu vya kampuni. Deni la mashirika ya ndege linapunguzwa kwa njia mbili: kwa tarehe ya kuisha, na kwa kuongeza maili zinazotakiwa kwa kiti kilekile.

Au kwa kubadili kipimo chenyewe. Delta na United walifanya hivyo mwaka 2015, American mwaka 2016, na Flying Blue Aprili 1, 2018: wakaacha kuhesabu umbali, wakaanza kuhesabu fedha. Kutoka KIA hadi Amsterdam ni zaidi ya maili 4,000. Aliyekwenda na kurudi kwa tiketi ya hesabu kamili alikuwa akipata zaidi ya maili 8,000. Kwa kanuni mpya, mwanachama wa ngazi ya chini alipewa maili 4 kwa kila euro aliyolipa, kodi zikiwa zimetolewa. Tiketi ya euro 800 ikampa 3,200. Wa ngazi ya juu kabisa alipewa 8 kwa euro ileile. Haki isemwe: tiketi ya bei ya chini kabisa zamani ilipata robo tu ya umbali, yaani kama maili 2,000, kwa hiyo mtalii wa bei nafuu hakupoteza. Aliyepoteza ni mtu wa katikati, anayeishi mbali na kulipa kwa kiasi, na Arusha imejaa watu wa katikati walio mbali.

Ngazi zenyewe zikapewa hesabu yake. Safari moja ya daraja la kawaida ya urefu wa KIA hadi Amsterdam ilipewa alama 10, na ngazi ya fedha ilitaka alama 100 ndani ya mwaka. Ni kwenda na kurudi mara tano. Nani wa Arusha anakwenda Ulaya mara tano kwa mwaka kwa fedha zake? Daraja la biashara lilipewa alama mara tatu, kwa hiyo bosi aliyelipiwa na ofisi alifika kwa safari mbili.

Korona ilipozifunga anga mwaka 2020, dunia ilioneshwa kilichokuwa kimefichwa. Ndege zilikuwa zimeegeshwa, lakini United ilikopa mabilioni ya dola kwa kuweka rehani mpango wake wa maili, uliothaminiwa kwa takriban dola bilioni 22, zaidi ya thamani ya shirika zima kwenye soko la hisa wakati huo. Fedha nyingi za mpango kama huo hazitoki kwa wasafiri. Benki za Marekani hununua maili kwa jumla na kuwagawia wenye kadi za mkopo kila wanaponunua chakula au kujaza mafuta, kwa hiyo watu wengi huko wanasafiri kwa maili ambazo hawakuziruka. Kwetu, ambako malipo yamekwenda kwenye simu badala ya kadi ya mkopo, mlango huo umebaki mwembamba. Mtu wa Arusha anashindania kiti cha bure na mtu wa Ohio aliyekipata kwa kununua mboga.

Tanzania ilifungua anga lake Mei 18, 2020, mapema kuliko wengi, na mashirika yaliyorudi KIA yaliwaongezea wanachama muda wa maili zao. Tangu hapo madaftari yamezidi kugawanyika. Qatar iligeuza pointi zake kuwa Avios mwaka 2022, zinazohamishika kwenda British Airways na kurudi. Kenya Airways ilianzisha mpango wake yenyewe, Asante Rewards. Precision Air ina Paa Royal. Air Tanzania, iliyofufuliwa kwa ndege mpya kuanzia mwaka 2016, ina Twiga Miles.

Ukiwa na maili za kutosha, kazi haijaisha. Kiti cha zawadi hutozwa kodi na tozo kwa fedha taslimu, na katika mipango mingine tozo la shirika lenyewe linaweza kukaribia nusu ya nauli ya kawaida. Msimu wa Julai na Agosti, na wiki za Krismasi ambapo Wachaga wa dunia nzima wanarudi Moshi, viti vya zawadi kwenda KIA hukauka mapema. Aprili na Mei, mvua zikinyesha na milima ikiwa imefunikwa, hupatikana kwa urahisi zaidi. Wenyeji hatujali mvua, kwa hiyo faida hiyo ni yetu.

Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuingia katika anga lake, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yaliyopewa leseni Tanzania. Twiga Miles kwa hiyo hazina njia ya Ulaya. Lakini mfanyabiashara wa Terrat anayefuata mzigo Dar es Salaam kila mwezi na Guangzhou mara moja kwa mwaka, akijilipia mwenyewe, na kila safari akiiandikisha kwenye akaunti moja ya Twiga Miles, yuko katika nafasi nzuri kuliko wakili wa zamani wa mahakama mwenye kadi nne za nusunusu. Ndege ya usiku ya Amsterdam haimhusu.